Bibi Zafarani na Shingo ya Pili

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa kale uliojengwa kwa matofali kando ya mto mkubwa, huko Arabuni, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Bibi Zafarani. Asili yake ilikuwa pwani ya Wazinji. Alipelekwa huko angali mtoto wa kubebwa mgongoni, akauzwa mara tatu kabla meno ya utoto hayajamtoka, na mwishowe akaangukia kwa ajuza mmoja mjane aliyemfundisha Kurani na kumwacha huru kwa ajili ya Mungu. Zafarani ni jina la sokoni. Jina alilopewa na mama yake alilisahau, na jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Kazi yake ndiyo iliyozaa kisa hiki, basi nivumilieni niieleze. Zamani zile, sheria ilipotaka kujua hali ya mwili wa mwanamke, mwanamume hakuruhusiwa kutazama. Hutafutwa mwanamke mwaminifu akaangalia, kisha akatoa ushahidi, na neno lake peke yake lilitosha mbele ya kadhi. Katika mji ule mwanamke huyo alikuwa Bibi Zafarani. Akiletewa mjakazi humketisha kuelekea ukutani, huosha mikono yake kwa maji ya moto ili isimshtue binti wa watu kwa baridi, kisha hupitisha vidole kuanzia shingoni mpaka visiginoni huku akimtaja Mola wake. Akitoka husema ama "mzima", ama "ana kasoro". Kadhi wa mji, mzee aliyeitwa Kadhi Numani, alikuwa na mazoea ya kusema kwamba Bibi Zafarani akimwambia jua limechelewa, yeye ataichelewesha sala ya adhuhuri.

Walikuwepo waliomsema. Waliuliza vipi mtu aliyekuwa mtumwa akubali kukagua watumwa wenzake. Naye aliwajibu, "Nisipokaa mimi, atakaa mwingine mwenye mikono ya baridi."

Lakini ilikuwapo sababu kubwa kuliko hiyo. Mtu akivunja kiapo, au akiua kwa bahati mbaya, dini humtaka atoe kafara, na mojawapo ya kafara hizo ni kumwacha huru mtumwa muumini. Wenyewe waliita jambo hilo kutoa shingo. Na watu wa mji ule, Mungu awasamehe, walikuwa wepesi wa kuapa. Mtu akiuza vitunguu, Wallahi. Akikataa kwenda kumwona mkwewe, Wallahi. Kesho yake yuko kwa mkwewe anakula. Bibi Zafarani alikuwa nyuma yao. "Umeapa na umevunja," humwambia mtu mzima na ndevu zake. "Utalisha maskini kumi au utatoa shingo? Mimi nakushauri shingo." Alikuwa na ulimi mtamu na magoti yasiyochoka kukaa kwenye baraza za watu, na wengi walitoa shingo ili tu aondoke. Hata ikawa akiingia sokoni wauzaji wanaumana sikio, na viapo vinakoma.

Isitoshe, kila Alhamisi alikaa kisimani akiwafundisha wajakazi waliokuja kuteka maji. Aliwafundisha sala na twahara, na aliwafundisha pia haki zao katika sheria, na kwamba uhuru ukishatamkwa haurudi, hata aliyeutamka akijuta.

Basi palikuwa na mtu aitwaye Shubeli, mwenye tanuri la kuchoma matofali. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, maana katika visa kama hivi tumezoea kumwotesha tajiri pembe. Siku moja rundo la matofali yake, alilolipanga kwa haraka, liliporomoka na kumuua mpita njia. Ukoo wa Shubeli ukalipa diya, yaani fidia ya damu, na wafiwa wakasamehe, ikabaki haki ya Mwenyezi Mungu, nayo ni shingo moja ya muumini. Wanazuoni wa mji ule walishikilia kwamba shingo ya kafara sharti iwe nzima, isiyo na kasoro ya kumzuia mtu kujitafutia riziki. Bibi Zafarani mwenyewe aliipigania hukumu hiyo, kwa kuwa matajiri walikuwa na tabia ya kuwatoa kafara vikongwe waliokwisha kutumika, kisha vikongwe hao wakafa njaa barazani.

Shubeli alikuwa na wajakazi wawili, wote wabebaji wa matofali. Mkubwa aliitwa Sunbula na mdogo aliitwa Wardi. Kadhi alipofika nyumbani kwake pamoja na Bibi Zafarani na mashahidi, Shubeli alisema, "Nitamwacha Sunbula, kwa kuwa amenitumikia zaidi. Akionekana ana kasoro, nitamwacha Wardi. Mimi haja yangu ni kutakasika na damu hii."

Sunbula akaingizwa chumbani. Wardi akabaki uani na mtungi wa maji, akiwanawisha wageni.

Vidole vya Bibi Zafarani vilipofika kwenye nyonga ya kushoto vilisimama. Mfupa ulikuwa umevunjika zamani na ukaunga vibaya.

"Hii ilivunjika lini, binti yangu?"

"Mwaka wa mafuriko, Bibi. Niliteleza na tenga la matofali kichwani."

"Bwana wako anajua?"

"Angejua ningekuwa nimeshauzwa. Nilisema ni homa. Wardi alinifunga kwa kitambaa, akabeba fungu lake na langu mpaka nikasimama."

"Na sasa unabebaje?"

"Naumwa, nakaza meno." Sunbula akageuka kutoka ukutani akamshika mkono. "Bibi wangu, mwaka huu sitaumaliza. Usiponitoa leo, nitaanguka mbele ya watu, na hapo hakuna atakayenitaka hata kwa kafara. Wardi ni kijana, mwili wake hauna neno. Yeye mlango wake utafunguka tu."

Bibi Zafarani aliijua njia iliyonyooka. Angetoka, angesema ana kasoro, Wardi angeachwa huru, kisha yeye angepiga magoti kwa Shubeli amwombee Sunbula kwa hisani. Lakini alikuwa ameshapiga magoti kwa wengi, akajua hisani ya watu kwa mtu kilema ilivyo fupi. Huruma ikamzidi nguvu. Simlaumu kwa huruma hiyo, na wala sidhani kisa hiki kinamlaumu kwa saa ile.

Akatoka uani.

"Mzima?" Kadhi akauliza.

"Mzima," akajibu.

Shubeli akatamka palepale, "Ewe Sunbula, wewe u huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Watu wakapiga takbira. Sunbula akaanguka akasujudu, akachelewa kuinuka. Wardi, ambaye alikuwa amesimama na mtungi na maji yakimmwagikia miguuni, akajikusanya, akaja kumnawisha Bibi Zafarani. Akasema kwa sauti ya chini, "Mungu akufanyie wepesi, Bibi." Bibi akadhani anashukuriwa kwa niaba ya mwenzake.

Sasa tazameni nafsi ya mwanadamu, hata ya mwema, inavyojua kujitafutia udhuru. Bibi Zafarani alijua kwamba kafara ya Shubeli haikutimia. Alijua kwamba Sunbula habanduliwi tena katika uhuru wake, hata dunia yote ikijua habari ya nyonga. Ilimbaki kwenda kwa Kadhi na kusema, nilishuhudia uongo. Naye Shubeli angewajibika kutoa shingo nyingine, nzima, na katika nyumba yake shingo nzima ilikuwa moja tu. Kilichomzuia ni kiti chake. Nikikiri, alijiambia, neno langu litatupwa, na mabinti wote watakaoletwa mbele ya Kadhi wataangaliwa na nani? Na kweli, mwaka uleule aliokoa binti mmoja ambaye bwana wake aliyaficha majeraha yake, na mwaka wa pili akaokoa wengine. Kila mmoja wa hao akawa sababu mpya ya kunyamaza. Uongo wake ulishavaa kanzu na kilemba, ukawa unasali safu ya mbele.

Sunbula alikuwa anauza kunde za kuchemsha karibu na lango la msikiti. Akikaa siku nzima kwenye chungu chake, nani angeiona nyonga? Bibi alipita kila Ijumaa akala kunde, akamwona anacheka na wateja, akarudi nyumbani moyo umetulia kidogo.

Kwa Wardi naye alikwenda, msidhani alimsahau. Alikwenda mara nne kumwomba Shubeli amwache kwa hisani. Mara ya mwisho Shubeli alimwambia kwa adabu, "Bibi, shingo niliyotakiwa nimeitoa, na wewe ndiye uliyeniambia ni nzima. Wardi sasa anabeba kazi ya wawili. Nikimwacha, tanuri litazimika."

Jibu lilimfika kooni. Akalimeza, akaaga. Wardi alimfungulia mlango kama alivyofanya mara zote, akamtazama usoni, na Bibi akapita akitazama viatu vyake. Tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia hapa halikuwa la mwenye kungojesha. Ikapita miaka mitatu.

Mwaka wa tatu, katika mwezi wa Shaabani, Sunbula alikuja asubuhi mlangoni kwa Bibi Zafarani akichechemea waziwazi, wala hakujali nani anamwona. "Bibi, Wardi anatapika damu. Moshi wa tanuri umemla kifua. Anakutaka."

Walimkuta amelazwa kwenye mkeka, ukutani mwa tanuri, mahali penye joto. Sunbula akaenda kutafuta maji. Bibi Zafarani akapiga magoti.

"Nisamehe, binti yangu."

"Kwa lipi, Bibi?"

"Kwa nyonga ya Sunbula."

"Nilijua," Wardi akasema. "Si mimi niliyeifunga kitambaa?"

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema, Sunbula angerudi kwenye tenga. Nikaona ninyamaze, aachwe kwanza. Nikasema, akishakuwa huru Bibi atamwambia Kadhi ukweli, maana uhuru ukishatamkwa haurudi, si ulitufundisha kisimani? Sunbula atabaki huru, na bwana atadaiwa shingo nyingine." Akakohoa sana, Bibi akampangusa mdomo kwa mtandio wake. "Siku ile nilipokuombea wepesi, nilidhani utasema wiki hiyohiyo. Kila ulipobisha hodi hapa nilisema, ni leo. Nilifunga vitu vyangu, Bibi. Hata sasa vimefungwa."

Akaonyesha kwa jicho. Kichwani pake palikuwa na kifurushi kidogo, nguo mbili na kitana, kimefungwa kwa kamba ya makuti, na kamba yenyewe imeshafifia kwa vumbi la matofali.

Bibi Zafarani hakuweza kujitetea kwamba hakuijua sheria. Hakuweza kujitetea kwamba alimlinda Sunbula. Alitoka pale akikimbia, mwanamke mtu mzima, mtandio mkononi, watu wakimpisha njia wakidhani amefiwa.

Alimkuta Kadhi Numani barazani kwake, amezungukwa na wadai na mashahidi. Hakungoja zamu. "Ewe Kadhi," akasema, "mimi nilishuhudia uongo mbele yako. Sunbula wa Shubeli alikuwa na nyonga iliyovunjika, nami niliigusa kwa mkono huu nikasema mzima. Kafara ya Shubeli haijatimia. Mwite, na aje upesi."

Kadhi aliinamisha kichwa kwa muda mrefu, na alipokiinua ndevu zake zilikuwa zimelowa.

"Sunbula yu huru, uhuru wake haurudi," akasema. "Shubeli anadaiwa shingo. Na wewe, Bibi Zafarani, tangu saa hii siwezi kulipokea neno lako katika jambo lolote. Hii ni sheria, na inaniuma."

"Na iwe. Mwite Shubeli."

Shubeli aliletwa na vumbi lake kutoka kwenye tanuri. Alipoelezwa alishika kichwa. "Miaka mitatu nasali na damu ya mtu juu yangu, nikijiona nimetakasika! Bibi, umenifanya nini?" Watu wakaanza kusema kwa pamoja, huyu anamlaani Bibi, yule anamtetea, wengine wanavutana kuhusu hukumu. Katikati ya kelele hizo Shubeli akakumbuka. "Wardi! Siku ile ningemwacha Wardi."

"Wardi ni mgonjwa mahututi sasa," Kadhi akasema. "Hatoshi kwa kafara."

"Sitaki atoshe kwa kafara," Shubeli akasema. "Nawashuhudisha kwamba Wardi yu huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Shingo ya kafara nitaitafuta kwingine. Twendeni tukamwambie."

Wakaenda wote, Kadhi akiwa ameshikwa mkono. Walipoingia uani walimkuta Sunbula amekaa kwenye mkeka, amempakata mwenziwe kichwa, na macho ya Wardi yamekwisha kufumbwa.

"Ametokwa na roho muadhini alipokuwa anaanza adhana ya adhuhuri," Sunbula akasema. Kisha akawatazama wote mmoja mmoja, akaelewa kwa nini wamekuja. "Mmemwacha huru?"

"Nimemwacha," Shubeli akasema.

"Kabla ya adhana au baada?"

Mtasema, jambo hilo lina uzito gani kwa aliyekwisha kufa? Katika mji ule, jeneza lilipotoka, mnadi hupita mitaani akitangaza: janaza ya fulani, mtu huru, au janaza ya mjakazi wa fulani. Sunbula alitaka kujua mwenziwe atatangazwa vipi. Kadhi naye alitaka kujua, kwa kuwa maiti haachwi huru. Ikiwa Shubeli alitamka kabla ya adhana, Wardi alikufa mtu huru. Ikiwa alitamka baada, alikufa mtumwa, na maneno ya Shubeli yalikuwa upepo.

Kadhi akawauliza waliokuwepo barazani. Mmoja akasema ilikuwa kabla. Mwingine akasema hapana, yeye alikwishasikia adhana ndipo Shubeli akasema. Wa tatu akasema kulikuwa na kelele, hakusikia adhana kabisa. Shubeli mwenyewe alipoulizwa alilia tu, hakujua.

Hapo Bibi Zafarani akasogea mbele. "Ilikuwa kabla, Kadhi. Nilikuwa nimetega sikio kwa ajili yake. Shubeli alimaliza kutamka, akameza mate, ndipo muadhini akaanza. Nayakumbuka yote mawili, moja baada ya jingine. Wallahi ilikuwa kabla."

Kadhi Numani alimtazama kwa huruma ambayo, wanasema, ilikuwa nzito kuliko hasira.

"Bibi Zafarani," akasema, "ungeniambia hivi jana, ningemtuma mnadi bila kumuuliza wa pili."

Basi hukumu haikupatikana. Kadhi aliamuru itangazwe: janaza ya Wardi, mja wa Mwenyezi Mungu. Hilo lilikuwa kweli kwa vyovyote vile. Bibi Zafarani na Sunbula walimwosha, wakamvika sanda, na kile kifurushi Sunbula akakichukua kwake, hakukifungua mpaka alipokufa.

Shubeli alitafuta shingo nyingine akaitoa, kisha hakununua mtumwa tena maishani mwake. Tanuri lake likaendeshwa na watu wa ujira. Bibi Zafarani hakuitwa tena barazani kwa Kadhi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kazi yake ikawa moja. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa wenye watumwa, wala hakuwauliza tena habari za viapo walivyovunja. Aliwasimulia kisa hiki, akianza kwa kusema, "Mimi ndiye mwanamke niliyesema uongo." Mwenye nyumba akimjibu kwamba atamwacha mtumwa wake baada ya mavuno, au mtoto akishaolewa, au Ramadhani ikifika, yeye huuliza, "Na yeye umemwambia angoje?" Walioachwa huru kwa sababu ya kisa hicho walikuwa wengi, pengine wengi kuliko aliowatoa alipokuwa na kiti chake. Walipokuja kumshukuru aliwaelekeza kaburini kwa Wardi, na yeye mwenyewe hakuonekana kufurahi.

Ndugu zangu, waja wema nao hukosea, na kosa la mwema lina hatari yake, kwa sababu hulipatia dalili na hoja mpaka likafanana na ibada. Toba ya Bibi Zafarani tunatarajia imekubaliwa, kwani Mola wetu ni Mwingi wa rehema. Lakini kila nikimaliza kukisimulia kisa hiki darasani, hatokosekana mtu wa kuniuliza: je, ilikuwa kabla ya adhana au baada? Mimi namwamini Bibi Zafarani. Naamini ilikuwa kabla. Ila kuamini kwangu hakumfai Wardi kitu.